'Maji yamepimwa': Mzazi, uliza yamepimwa nini

KATIKA nyumba nyingi za Nachingwea na Ruangwa, maji ya mtoto hukaguliwa kwa macho, kisha kwa moto. Yakionekana maangavu, yanachemshwa, yanapoozwa na kutiwa kwenye chupa ya shule. Desturi hiyo ni njema, kwani moto unaua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo.

Lakini vipo vitu ambavyo moto hauviui, kwa kuwa havina uhai. Risasi na aseniki hazitoki kwa kuchemsha. Maji yakipungua kwa mvuke, zenyewe hubaki sufuriani.

Wilaya hizi mbili za Mkoa wa Lindi hulima korosho. Mikorosho hupuliziwa salfa na viuatilifu vingine dhidi ya ubwiriunga na wadudu. Wapo pia wachimbaji wadogo wa dhahabu, kazi ambayo zebaki hutumika kunasia chembe za madini. Mvua inaweza kusomba mabaki hayo hadi kwenye mto au kisima kilicho wazi. Hiyo haina maana kwamba kila kisima kina sumu. Ina maana kwamba jicho haliwezi kujua.

Gramu moja, matanki kumi

Shirika la Afya Duniani linashauri risasi isizidi maikrogramu 10 katika lita moja ya maji ya kunywa. Hiyo ni sawa na gramu 1 iliyosambaa kwenye matanki 10 ya lita 10,000 kila moja.

Kuona kitu kidogo hivyo huanzia kwenye chupa. Sampuli ya kupima viuatilifu huwekwa kwenye chupa ya kioo cheusi na kusafirishwa kwenye barafu. Ya kupima metali hutiwa asidi kidogo ili metali isigande kwenye kuta za chupa. Chupa ya soda iliyookotwa inaweza kuharibu majibu.

Maabara, lita 1 ya maji hupitishwa polepole kwenye mrija wenye unga unaonasa kemikali. Kemikali hizo huoshwa kwa kimiminika maalumu, kisha hicho hukaushwa hadi ibaki mililita 1. Kilichokuwa kimetawanyika sasa kimekolea mara 1,000, na mashine inaweza kukitambua na kukipima. Maji safi kabisa nayo hupitishwa njia hiyohiyo, ili kuhakikisha uchafu haukutoka maabara yenyewe.

La kufanya nyumbani

Mtoto hunywa maji mengi kuliko mtu mzima kwa kila kilo ya uzito wake, na ubongo wake bado unakua. Risasi na zebaki huudhuru ubongo huo, hata akiwa tumboni.

- Dumu la dawa ya mikorosho lisichotee maji, hata likioshwa mara ngapi.
- Bomba la kupulizia lisioshewe kisimani wala mtoni.
- Dhahabu yenye zebaki isichomwe nyumbani. Mvuke wake ni sumu.
- Kisima kifunikwe.

Mkutano wa kijiji ukitangaziwa kwamba maji yamepimwa, wazazi waulize chombo cha watumia maji au RUWASA: yalipimwa lini, na yalipimwa nini? Kipimo cha vijidudu hakisemi lolote kuhusu metali wala viuatilifu.