Mtandao wa Nyumbani Usiozimika Ovyo

Siku hizi si ajabu kukuta kamera juu ya mlango au taa inayowashwa kwa simu, hata katika mji mdogo kama Gulwe, kwenye Reli ya Kati. Mama aliyeshinda sokoni Mpwapwa anataka kujua kama watoto wamerudi kutoka shule. Lakini wengi wetu hununua vifaa kwanza na kufikiria mtandao baadaye. Kamera ikikwama, tunailaumu kamera.

Kwanza, intaneti ya nyumba isitegemee simu ya mtu mmoja. Katika nyumba nyingi hutoka kwenye simu ya baba. Baba akisafiri nayo, vifaa vyote hunyamaza! Afadhali ruta inayotumia laini, ikae nyumbani kama jiko. Kabla ya kuiweka, zunguka na simu utafute penye mawimbi mazuri, mara nyingi karibu na dirisha linaloelekea mnara. Iweke juu, mbali na jokofu na kabati la chuma. Ukuta mnene wa tembe hupunguza mawimbi, na mabati huyazuia. Kamera nyingi hutumia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo hupenya kuta kuliko ya 5. Hakikisha ruta imeyawasha.

Uniti za LUKU zikiisha usiku wa manane, kamera hufumba macho saa ile ile unayoihitaji. Ruta nyingi ndogo hutumia volti 12 au 5, hivyo betri ndogo ya akiba yaweza kuiendesha kwa saa kadhaa. Soma maandishi ya adapta kwanza, maana volti zikizidi ruta itaungua. Kamera nayo ihitaji akiba yake. Tena, ikituma picha mfululizo humaliza bando upesi. Irekodi kwenye kadi yake, itume taarifa tu inapoona mtu.

Sasa tuje kwenye linalotutia hofu zaidi. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka mamia ya maelfu ya kamera na ruta duniani. Haikuhitaji ujanja mkubwa: ilijaribu orodha ya maneno ya siri takriban 60 yaliyowekwa kiwandani, ambayo wenye vifaa hawakuyabadilisha. Mlango wa namna hiyo humruhusu mgeni kuwatazama watoto wako. Badilisha neno la siri la ruta na la kila kamera siku ile ile ya kununua, nalo lisiwe jina la kifungua mimba. Wanajumuiya wakija kusali na kuomba intaneti, wape mtandao wa wageni, ambao ruta nyingi zinao.

Binti anayetusaidia kazi naye aambiwe kamera ziko wapi. Chumbani kwake na bafuni zisiwekwe kabisa, hata kama baba anasema ni kwa usalama.