Kuipoza Kompyuta ya Nyumbani

Karibu kila wati ya umeme inayoingia ndani ya kompyuta huishia kuwa joto. Jiko la umeme hufanya hivyo kwa makusudi. Kompyuta hufanya hivyo pasipo kukusudia, tena mahali padogo mno. Sehemu yake ifanyayo hesabu, ijulikanayo kwa jina la prosesa, ni kipande cha silikoni ambacho eneo lake aghalabu hulingana na la ukucha wa kidole gumba. Katika kompyuta za mezani za leo, kipande hicho huweza kutoa joto la wati 65 hadi 125 kinapofanya kazi mfululizo, na baadhi hupita wati 200. Balbu ya kizamani ya wati 100 haishikiki kwa mkono, ijapokuwa kioo chake kina eneo kubwa mara nyingi zaidi.

Tatizo hili si geni. ENIAC, kompyuta iliyozinduliwa huko Marekani mwaka 1946, ilikuwa na valvu zipatazo 18,000 na ilitumia kilowati 150 hivi, kwa hiyo ilibidi ipulizwe hewa kwa mitambo maalumu. Mwaka 1985 ilitoka Cray-2, ambayo sehemu zake zilizamishwa katika kimiminika kisichopitisha umeme. Kompyuta za nyumbani za miaka hiyo, kwa upande wao, zilikuwa na prosesa zilizotumia umeme mdogo kiasi cha kutohitaji feni ya kwao. Hali hiyo ilibadilika katika miaka ya 1990, na tangu hapo mwenye kompyuta hana budi kujua machache kuhusu elimu ya joto.

Chukuliwe mfano wa mwanafunzi wa chuo aishiye Dar es Salaam, katika chumba kisicho na kiyoyozi. Ni mwezi wa Februari, na hewa ya chumbani imefika digrii 33 za Sentigredi. Asubuhi kompyuta yake hufanya kazi vizuri. Ifikapo saa nane mchana huanza kujikokota, kisha huzimika ghafla, na kurasa za tasnifu ambazo hazijahifadhiwa hupotea. Wengi hudhani ni virusi. Kumbe prosesa inajikinga: ikikaribia kiwango chake cha mwisho, ambacho kwa nyingi ni digrii 95 hadi 105, hupunguza kasi yake yenyewe, na joto likizidi kupanda huikata mashine. Fundi hushauri kinunuliwe kipoza cha maji. Huenda ushauri huo ukafaa, na huenda fedha zikapotea bure.

Kwanza yapasa ijulikane joto limekwama wapi. Kutoka katika silikoni, joto hupita kwenye tabaka jembamba la mchanganyiko mfano wa grisi, huingia katika bamba la shaba au alumini, huenea kwenye mapezi ya chuma chepesi, huchukuliwa na hewa ya feni, kisha hutoka nje ya kasha. Njia hiyo ni sawa na mfereji: ukiziba mahali pamoja, kuupanua mahali pengine hakuongezi maji.

Lipo jaribio rahisi lisilohitaji fedha. Kompyuta ipewe kazi nzito kwa muda wa nusu saa, na digrii za prosesa zisomwe kwa programu ya kupimia, ambazo nyingi hupatikana bure. Kisha ubavu wa kasha ufunguliwe na jaribio lirudiwe. Iwapo digrii zitashuka kwa kumi au zaidi, kipoza hakina kosa. Hewa ndiyo iliyofungiwa ndani. Iwapo hazitabadilika, kosa liko karibu na prosesa yenyewe: vumbi katika mapezi, feni iliyochoka, au grisi iliyokauka. Kuiacha kompyuta wazi daima si dawa, kwani vumbi huingia kwa wingi, na mijusi pia.

Kiasi cha hewa kinachohitajika chaweza kukadiriwa. Ili kuondoa wati 200 huku hewa ikipata joto la digrii 10 tu kutoka iingiapo hadi itokapo, zahitajika lita 17 hivi za hewa kila sekunde. Feni moja ndogo iliyobanwa na matundu membamba huenda isiweze. Feni pana ni bora kuliko feni ndogo yenye kasi: ile ya milimita 120 ina eneo la mara mbili na robo ya ile ya milimita 80, hivyo husukuma hewa ileile kwa mwendo mdogo na kelele kidogo. Hewa iingie mbele, sehemu ya chini, na itoke nyuma, sehemu ya juu. Feni zote zikivuta kuelekea ndani, au zote kuelekea nje, hushindana.

Grisi nayo haieleweki sana. Hata iliyo bora hupitisha joto vibaya kuliko shaba. Kazi yake ni kujaza mianya midogo ambamo hewa ingekaa, na hewa ndiyo kizuizi kikubwa. Kwa sababu hiyo kiasi cha punje ya dengu kwa kawaida hutosha. Wapakao nene kama siagi juu ya mkate huongeza kizuizi walichotaka kukiondoa.

Endapo kipoza chenyewe ni duni, kama vile bonge dogo la alumini linalouzwa pamoja na prosesa nyingi za bei nafuu, basi chenye mabomba ya joto chafaa kutazamwa kabla ya cha maji. Mabomba hayo, yaliyotengenezwa na George Grover katika maabara ya Los Alamos mwaka 1963, yana kimiminika kidogo ndani yake. Upande wa moto kimiminika huwa mvuke. Mvuke hukimbilia upande wa baridi, hugeuka tena kuwa matone, kama ionekanavyo chini ya kifuniko cha sufuria, na matone hurudi yalikotoka. Hakuna pampu, hivyo hakuna cha kuharibika isipokuwa feni.

Kipoza cha maji hubeba joto na kulipeleka kwenye rejeta, lakini mwisho wa yote ni hewa ileile ya chumbani. Kisidhaniwe kuwa kama mtungi wa udongo. Mtungi huyafanya maji kuwa baridi kuliko hewa kwa sababu maji huvuja kidogo na kukauka juu yake. Rejeta imefungwa na haiwezi kushuka chini ya digrii 33 za chumba. Chafaa kwa prosesa ya wati 200 na zaidi, au pale nafasi ndani ya kasha ni finyu. Kwa prosesa ya wati 65 ni anasa, na pampu yake ikifa kompyuta huzimika.

Njia nyingine ni kupunguza joto kabla halijazaliwa. Umeme utumiwao na prosesa hufuata mraba wa volti. Volti ikipunguzwa kwa asilimia 10, matumizi hayo hushuka kwa asilimia 19 hivi, kasi ikibaki ileile. Prosesa nyingi, ingawa si zote, huruhusu jambo hili katika mipangilio yake, nalo lifanywe hatua kwa hatua na kujaribiwa.

Kuhusu usafi, kompyuta izimwe na ichomolewe katika umeme. Panga za feni zishikwe zisizunguke wakati wa kupuliza vumbi, na kikasha cha umeme kisifunguliwe kamwe, kwani kapasita zake huweza kuhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa. Penye barabara ya vumbi miezi mitatu haipiti bila kazi hiyo. Ufukweni chumvi ya bahari hula madini, hivyo kompyuta isiwekwe dirishani kwa kutamani upepo.