Sauti Juu ya Picha

Wenzangu wengi bwenini husema kwamba kutafsiri sinema vibandani ni kazi ya kihuni, si sanaa. Mimi nami niliamini hivyo, mpaka likizo iliyopita nilipoingia katika kibanda kimoja cha Kirumba, hapa Mwanza. Sinema ilikuwa ya Kichina, lakini wavuvi na wapagazi walicheka pamoja, kwani juu ya sauti za wachezaji ilisikika sauti ya Mswahili akieleza na kutania. Mtu huyo huitwa DJ. Mbona apewe jina la mpiga santuri?

Jibu limo katika muziki. Kisiwani Jamaika, fundi King Tubby alichukua nyimbo zilizokwisha rekodiwa, akaondoa sauti ya mwimbaji, akabakiza ngoma na besi. Katika nafasi hiyo msemaji alinena maneno yake. Mwaka 1970 U-Roy alitoa santuri za namna hiyo, zikapendwa sana. Wimbo mmoja ukazaa mwingine.

Na picha nazo zikafanywa vivyo hivyo. Dar es Salaam alivuma Lufufu. Ng'ambo ya ziwa letu, Kampala, wasemaji wakaitwa VJ. Msemaji hupunguza sauti ya sinema, huweka yake, kisha huirudisha wakati wa mapigano.

Huko Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alikwenda mbele zaidi. Utotoni alizijua sinema kwa kusimuliwa na ndugu zake. Baadaye alitengeneza zake mwenyewe, na VJ Emmie akasema juu yake. Who Killed Captain Alex ilitoka mwaka 2010. Mwaka 2022 kikundi chake kilialikwa katika maonyesho makubwa ya sanaa, documenta, mjini Kassel, Ujerumani, kikaonyesha Football Kommando. Basi, kelele za kibandani zikapokewa kuwa sanaa.

Lakini tusisahau haki ya mwenye kazi. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 yataka ruhusa kabla ya kutafsiri kazi ya mtu, na vibandani ruhusa hiyo mara nyingi haiombwi. Nabwana alitumia ufundi wa msemaji juu ya picha zake mwenyewe, asimdhulumu mtu. Kwa hiyo, wenzangu, tusiidharau sauti ile ya Kirumba. Tujifunze ufundi wake, kisha tutafute picha zetu wenyewe za kusemea.