Jicho Safi Lisiloona

Wasomaji wetu, aghalabu tuonapo jicho halina wekundu wala tongo, husema, "Jicho hili ni zima." Yatupasa tujue ya kuwa si hivyo sikuzote. Nyuma ya kila jicho upo mshipa wa fahamu, wenye nyuzi zipatazo milioni moja, uchukuao habari za nuru mpaka kwenye ubongo. Mshipa huo ukivimba, habari hazifiki sawasawa, ijapokuwa jicho kwa nje ni safi.

Dalili zake ni hizi: nuru ya jicho moja hufifia kwa saa au siku chache; jicho huuma ligeuzwapo; na rangi hupauka. Tufunike jicho moja, tutazame kitambaa chekundu, kisha tubadili. Wekundu ukipungua kwa jicho moja, twende hospitali upesi. Miwani haitafaa kitu.

Maradhi haya huwapata zaidi vijana, na wanawake kupita wanaume. Wengi hurudiwa na nuru baada ya majuma kadhaa. Lakini tusinunue vidonge kwa kubahatisha. Mwaka 1992 matabibu wa Marekani walitangaza uchunguzi wa wagonjwa 457: dawa ya steroidi iliyotiwa mshipani iliharakisha kupona, bali vidonge vya jamii hiyo, vilipotumiwa peke yake kwa kipimo cha kawaida, vilizidisha kurudi kwa maradhi.

Basi kijana asemaye kwamba herufi zimefifia ghafula, tusimwite mvivu wa kusoma. Tumpeleke kwa tabibu.