Mdundo wa Kalsiamu: Mahindi Yaliyofunikwa na Maji Kando ya Lualaba

Wakulima wa Ubundu, mji ulioitwa Ponthierville katika enzi ya Wabelgiji, hulima mihogo, mpunga na mahindi katika nchi ambayo maji hayako mbali na shamba. Reli ya kilomita 125 iliyokamilika mwaka 1906 ilijengwa kutoka Kisangani hadi hapo kwa sababu maporomoko ya Boyoma hayapitiki kwa meli. Juu yake mto huitwa Lualaba, chini yake huitwa Kongo. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023 na Januari 2024 yaliifikia Tshopo pamoja na mikoa mingine ya bonde la mto, na huko Kinshasa kipimo kilifika mita 6.20, karibu na kilele cha mita 6.26 cha mwaka 1961. Mche wa mahindi uliofunikwa na maji hauna miguu ya kukimbilia mlimani. Una muda mfupi tu wa kubadili maisha yake ya ndani. Je, habari kwamba maji yameingia hufikaje katika kiini cha seli, mahali jeni zilipo?

Sehemu kubwa ya jibu ni kalsiamu, na hapo ndipo lugha inapoanza kuleta matatizo. Mwanafunzi aliyeisoma mada hii kwa Kifaransa, akitakiwa kuieleza kwa Kiswahili, aghalabu huandika kwamba "kalsiamu hubeba ujumbe". Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, lakini inapotosha. Humfanya msikilizaji amwone tarishi mwenye barua mkononi. Ioni ya kalsiamu haina barua yoyote. Ni ileile wakati wa mafuriko, wakati wa baridi, wakati wa ukame, na wakati mdudu anapotafuna jani.

Ili kuelewa jambo hili, hapana budi kuanza na uhaba. Ndani ya ute wa seli, kalsiamu iliyo huru huwekwa katika kiwango kidogo mno, kama nanomola 100 hivi. Nje ya utando wa seli, na ndani ya vakuoli, ile ghala kubwa ya maji iliyo katikati ya seli ya mmea, kiwango hufika milimola moja au zaidi, yaani mara elfu kumi. Sababu ni ya kikemia: kalsiamu hushikana na fosfati na kuwa mashapo, na ATP, ambayo ndiyo fedha ya nishati ya seli, imejengwa kwa fosfati. Seli ikiiacha kalsiamu ijae, itakufa. Kwa hiyo pampu zilizo katika tando huitoa bila kukoma. Dhiki inapotokea, milango fulani ya utando hufunguka, kalsiamu humiminika ndani, kisha pampu huitoa tena. Katika sekunde au dakika hizo kiwango hupanda na kushuka, mara moja au mara nyingi, kwa kasi au polepole. Seli husoma huko kupanda na kushuka.

Mfano unaofaa hauko mbali. Ukiteremka mto kutoka Kisangani kuelekea Isangi utafika kwa Walokele, ambao ngoma yao ya gogo, iitwayo lokole kwa Kilingala, ilichunguzwa na John Carrington, mmisionari wa Yakusu aliyechapisha kitabu juu yake mwaka 1949. Ngoma hiyo ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini. Katika lugha yao neno songe, yaani mwezi, na neno koko, yaani kuku, yana toni zilezile; yakipigwa peke yake hayatofautiani. Mpigaji hulazimika kuyarefusha: mwezi uitazamao dunia kutoka juu, kuku mdogo aliaye kiokio. Maana haimo katika pigo moja. Imo katika mpangilio wa mapigo, na pia katika sikio la yule aliyeujua msemo huo tangu utotoni. (Mfano huu una mpaka wake, kwani mpiga ngoma ana nia ya kusema jambo, na seli haina.)

Mdundo huo ulionekana waziwazi mwaka 1991, pale Marc Knight, Anthony Trewavas na wenzao walipotangaza kwamba wameuingiza mmea wa tumbaku jeni ya ekworini, protini ya Aequorea victoria, mnyama wa baharini mwenye mwili kama uteute. Protini hiyo hutoa mwanga wa samawati ikikutana na kalsiamu. Mche ulipoguswa au kupozwa ghafla, uling'aa. Mwaka 2001 kundi la Julian Schroeder huko California lilionyesha kwamba vitundu vya majani ya Arabidopsis, mmea mdogo wa jamii ya haradali, hujifunga mara tu kalsiamu inapopanda, lakini hubaki vimefungwa kwa muda mrefu pale tu mapigo yanapokuwa na kadiri maalumu. Wapo waliotilia shaka fasiri hii. Mwaka 2003 Knight yuleyule aliandika pamoja na mwenzake makala yenye kuuliza iwapo kalsiamu si kitu zaidi ya swichi ya kuwasha na kuzima. Swali lao lilikuwa la haki, na kwa baadhi ya dhiki huenda wana haki mpaka leo. Hata hivyo, mwaka 2011 yeye na wenzake walitumia umeme kuipandisha kalsiamu katika miche isiyo na dhiki yoyote, na jeni kadhaa ziliitika. Ngoma ilikuwa imepigwa bila tukio, na wasikilizaji wakainuka.

Wasikilizaji hao ni protini. Kalmodulini ina mifuko minne ya kupokea ioni za kalsiamu. Ikijaa, hubadilika umbo na kuzishika protini nyingine. Miongoni mwa hizo zimo zile ziitwazo CAMTA, ambazo hukaa juu ya DNA penye herufi CGCG na kuamsha au kutuliza unakili wa jeni za jirani. Kundi jingine, CDPK, husikia na kutenda kwa mkono mmoja, likibandika fosfati juu ya protini nyingine. Arabidopsis peke yake ina jeni 34 za kundi hilo, na si kila tishu huzitumia zote. Ndiyo maana mdundo mmoja waweza kuzaa tendo moja katika mzizi na jingine katika jani.

Sasa kuhusu mahindi yenyewe. Chini ya maji oksijeni hupungua, na seli hulazimika kuchachusha sukari, kama unga unavyochachushwa kabla ya kupikwa lotoko. Kazi hiyo huhitaji kimeng'enya kinachotokana na jeni iitwayo ADH1. Miche isiyo nacho hufa mapema zaidi. Mwaka 1994 Chalivendra Subbaiah, Martin Sachs na wenzao huko Marekani walizinyima seli za mahindi oksijeni, na kalsiamu ikapanda katika dakika chache. Walipotumia rangi iitwayo nyekundu ya ruthenio, ambayo huzuia kalsiamu kutoka katika ghala zake za ndani, ADH1 haikuamka ipasavyo, na miche haikustahimili. Kalsiamu ilipoongezwa pamoja na rangi hiyo, madhara yalitenguka.

Hapo ndipo sentensi ya tarishi inapoweza kumgharimu mkulima. Anayeisoma habari ya mwisho kwa haraka ataambia watu wa Ubundu wamwage chokaa au majivu shambani ili mahindi "yasikie" mafuriko. Majivu ya shamba lililochomwa yana kalsiamu, nayo hupunguza uchachu wa udongo na kulisha mmea. Hiyo ni faida ya chakula. Lakini mdundo hautegemei wingi wa kalsiamu udongoni. Tofauti ya mara elfu kumi ipo tayari, na linaloamua ni milango. Katika jaribio la 1994 kalsiamu ilitengua kizuizi kilichowekwa na watafiti wenyewe, kizuizi ambacho hakipo shambani. Tena mmea una sikio jingine: mwaka 2011 makundi mawili yalionyesha protini za jamii ya ERF ambazo huvunjwa oksijeni ikiwapo na kudumu ikikosekana, zikaamsha jeni za mafuriko zenyewe. Kwa msikilizaji wa Ubundu, basi, "mdundo wa kalsiamu" ni istilahi salama kuliko "ujumbe wa kalsiamu", na katika kitenzi, "kalsiamu hupanda na kushuka" kuliko "kalsiamu hubeba".