Daktari, kabla uache wadi uende utafiti, una swali gani?

Wewe ni daktari, nesi au afisa wa kliniki. Zamu za usiku zimekumaliza, foleni haiishi, na sasa unawaza kurudi chuo kusomea utafiti. Nyumbani wanauliza, "Kwani umeacha udaktari?" Usikasirike. Tafuta jibu kabla hujaandika barua ya kuacha kazi.

Jibu moja liko Kilifi, kwenye mradi wa utafiti wa KEMRI na Wellcome ulioanza 1989. Zamani mafunzo ya dharura yalisema hivi: mtoto akiletwa na homa kali, mikono baridi, damu haizunguki vizuri, mtundikie dripu, maji mengi, haraka. Daktari Kathryn Maitland na wenzake wakauliza swali ambalo wengi waliona halihitaji kuulizwa: kwani inasaidia kweli?

Wakafuatilia watoto 3,141 Kenya, Uganda na Tanzania. Wa kuhara hawakuwemo. Matokeo yakatoka 2011: kati ya kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka, karibu 11 walifariki ndani ya saa 48. Ambao hawakupewa, 7.

Ukiwa wadini hilo huwezi kuliona. Mtoto akipona unashukuru dripu. Akifariki unasema aliletwa kama amechelewa. Ni mpaka mtu ahesabu.

Lakini jua unachoingilia. Jana ulikuwa "daktari", leo ni mwanafunzi tu, unarudishiwa kazi na msimamizi imejaa wino mwekundu, na takwimu zinakutoa jasho. Kabla umguse mgonjwa hata mmoja, lazima kamati ya maadili ipitishe mpango wako na upate kibali cha NACOSTI. Hiyo inaweza kula miezi. Halafu unakaa mbele ya mama mwenye mtoto mgonjwa, unamwambia ana haki ya kukataa, na kwamba hujui ni matibabu gani kati ya haya mawili ni bora. Kwa mtu aliyezoea kutoa amri, hiyo "sijui" ni ngumu kutamka.

Na pesa? Uliza mapema, bila aibu. Ada inalipwa na nani? Posho ni ya miezi mingapi, na itafika hadi tasnifu iishe? Landilodi hajali uko uzamili au uzamifu. Leseni yako usiiache ilale, ilipie kwa wakati. Msimamizi akikubali, chukua zamu moja moja wikendi, mikono isisahau kazi.

Sasa, kabla ujaze fomu za chuo, chukua karatasi uandike swali moja kutoka wadi yako ambalo limekunyima usingizi. Ukilipata, nenda nalo. Karatasi ikibaki tupu, basi pengine unahitaji likizo, si shahada.