Septimius Severus, Kaisari Aliyetoka Leptis Magna

Septimius Severus alizaliwa tarehe 11 Aprili mwaka 145 katika mji wa Leptis Magna, bandari iliyokuwa kwenye pwani ya Libya ya leo, na akatawala Dola la Roma kuanzia mwaka 193 hadi 211. Mji huo ulianzishwa na Wafoinike, mabaharia waliotoka pwani ya Lebanoni, karne nyingi kabla ya Warumi kufika. Utajiri wake ulikuwa mafuta ya zeituni, na wenyeji wake walizungumza Kipuni, lugha iliyo na undugu na Kiebrania. Babu yake Severus aliwahi kuwa mmoja wa wakuu wa mji wenye cheo cha sufete, neno lenye asili moja na lile linalotumika katika Biblia ya Kiebrania kwa Waamuzi. Severus alijifunza Kilatini na kukimudu vizuri, lakini inasimuliwa kwamba lafudhi ya kwao haikumtoka hadi uzeeni.

Mara nyingi huulizwa kama alikuwa mtu mweusi. Kwa Warumi, jina Afrika halikuwa la bara zima. Lilikuwa la jimbo moja lililoanzia Tunisia hadi magharibi ya Libya. Upande wa baba, Severus alitoka katika ukoo wa wenyeji wa Leptis. Upande wa mama, nasaba yake ilifika Italia. Picha yake ya rangi iliyobaki ilichorwa Misri juu ya ubao wa mviringo na sasa iko Berlin. Inamwonyesha mwenye ngozi ya kahawia na ndevu za mvi, mkewe akiwa mweupe zaidi pembeni yake. Wachoraji wa zamani, hata hivyo, walizoea kuwatia wanaume rangi nzito kuliko wanawake, kwa hiyo ubao huo haumalizi ubishi.

Akiwa kijana alikwenda Roma, akaingia katika Seneti wakati wa Kaisari Marcus Aurelius na kupanda ngazi za utumishi bila makeke. Mke wake wa kwanza, aliyetoka kwao Leptis, alifariki. Mwaka 187 akamwoa Julia Domna, binti wa kuhani wa mungu jua huko Emesa, mji unaoitwa Homs leo nchini Syria. Walizaa wana wawili: Bassianus, ambaye historia inamjua kwa jina la utani la Caracalla, na mdogo wake Geta. Mwaka 191 Severus alikuwa gavana wa Pannonia ya Juu, kando ya mto Danubi, akiwa na legioni tatu chini ya amri yake.

Hapo ndipo bahati ilipomkuta. Kaisari Commodus alinyongwa usiku wa mwisho wa mwaka 192. Pertinax aliyemrithi hakumaliza miezi mitatu. Aliuawa na Wapretori, yaani kikosi cha walinzi wa kaisari mwenyewe, tarehe 28 Machi 193. Kisha walinzi hao wakakinadi kiti cha enzi kutoka ndani ya kambi yao. Mnunuzi mmoja, baba mkwe wa marehemu Pertinax, alikuwa ndani ya kambi; mwingine, seneta tajiri Didius Julianus, alisimama nje ya ukuta. Wakapandishiana bei mpaka Julianus alipoongeza 5,000 kwa mkupuo, akipaza sauti na kuonyesha hesabu kwa vidole: sestersi 25,000 kwa kila askari. Kiti kikawa chake kwa siku 66.

Tarehe 9 Aprili, majeshi ya Danubi yalimtangaza Severus kuwa kaisari huko Carnuntum, katika Austria ya leo. Naye akajitwika kazi ya kulipiza kisasi cha Pertinax, hata akaongeza jina la marehemu kwenye jina lake. Hakuna jeshi kubwa lililokuwa karibu na Italia kuliko lake. Alipokaribia Roma, Seneti ikamgeuka Julianus, naye akauawa na askari katika jumba lake. Severus akawaita Wapretori waje kumlaki wakiwa na nguo za sherehe, bila silaha. Walipokusanyika, legioni zikawazingira. Wakavuliwa mavazi yao ya kijeshi na kupigwa marufuku kukanyaga umbali wa maili 100 kutoka jijini. Nafasi zao wakapewa askari wa Danubi, ambao mwonekano na mazungumzo yao yaliwatisha maseneta.

Wapinzani wawili walibaki. Clodius Albinus, gavana wa Britania, alitulizwa kwa ahadi ya urithi. Pescennius Niger, gavana wa Syria, alishindwa mwaka 194 huko Issos, katika Uturuki ya leo. Mji wa Bizanti ulioshikamana na Niger ulistahimili kuzingirwa hadi mwaka uliofuata; Cassius Dio, seneta na mwanahistoria wa wakati ule, anasimulia kwamba wakazi walisokota kamba za meli kwa nywele za wanawake wao. Baada ya hapo ahadi kwa Albinus haikuwa na kazi tena. Majeshi ya wawili hao yalikutana karibu na Lugdunum, yaani Lyon ya Ufaransa, tarehe 19 Februari 197. Kichwa cha Albinus kilipelekwa Roma, na maseneta 29 waliodhaniwa kuwa upande wake wakauawa.

Katikati ya vita hivyo Severus alijitangaza kuwa mwana wa Marcus Aurelius, aliyekuwa amefariki miaka 15 nyuma. Seneta mmoja mcheshi alimpongeza kwa kumpata baba. Nyuma ya kichekesho hicho kulikuwa na tatizo zito: Severus hakuwa na haki yoyote ya kutawala isipokuwa ile aliyopewa na askari, na alijua kwamba gavana mwingine angeweza kuipata kwa njia ile ile. Ndiyo maana aliigawa Syria majimbo mawili, ili gavana asiwe na majeshi mengi mno. Aliunda legioni tatu mpya na kuweka moja karibu na Roma, jambo lisilowahi kufanywa na makaisari waliomtangulia. Aliwapandishia askari mshahara kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 100, na akawaruhusu kuishi na wake zao. Gharama ilionekana kwenye sarafu: fedha halisi ndani ya dinari ilishuka hadi karibu nusu.

Dhidi ya Waparthi, mahasimu wa Roma upande wa mashariki, alifanikiwa kuuteka mji mkuu wao, Ctesiphon, ingawa ngome ya jangwani ya Hatra ilimshinda mara mbili. Nyumbani, mtu wa kuogopwa alikuwa Plautianus, mkuu wa walinzi, naye mzaliwa wa Leptis. Binti yake aliozwa kwa Caracalla, ambaye hakumpenda mke wala mkwe. Mwaka 205 Plautianus aliuawa ndani ya jumba la kaisari kwa tuhuma za kula njama. Aliyemrithi alikuwa Papinianus, mmoja wa wanasheria wakubwa kabisa wa Roma. Kuwapa nafasi watu wa aina hiyo ni jambo zuri la utawala huu ambalo husahaulika haraka. Leptis nayo ilipata sehemu yake: uwanja mpya wa mji, jumba la mahakama, barabara yenye safu za nguzo na bandari iliyojengwa upya. Magofu yake bado yamesimama.

Mwaka 208, akisumbuliwa na ugonjwa wa jongo kiasi cha kubebwa kwenye machela, alikwenda Britania na wanawe wawili kupigana na makabila ya kaskazini mwa Ukuta wa Hadrian. Alifariki Eboracum, ambayo ni York ya leo, tarehe 4 Februari 211. Kwa maelezo ya Dio, aliwausia wanawe wapatane, wawatajirishe askari na wasijali mtu mwingine yeyote.

Wosia wa kwanza haukumaliza mwaka. Desemba 211 Geta aliuawa mikononi mwa mama yake kwa amri ya Caracalla, na jina lake likaamriwa lifutwe kila mahali. Kwenye ule ubao ulioko Berlin, uso wa mmoja wa watoto wawili umekwanguliwa. Kwenye tao la ushindi la mwaka 203, katika uwanja mkuu wa Roma, jina la Geta liling'olewa kwenye mstari wa nne na mahali pake pakawekwa sifa za baba na kaka yake. Lakini matundu yaliyoshikilia herufi za shaba za mwanzo bado yapo kwenye jiwe, na kwa kuyafuatisha wataalamu wameweza kulisoma.